Virusi Vilivyofanya Makazi: Busia na Tororo



Mtu akitaja virusi katika nchi hizi zetu, fikira za wasikiaji hukimbilia Entebbe, mahali ambapo mwaka 1936 Wakfu wa Rockefeller uliasisi taasisi ya kuchunguza homa ya manjano, na ambapo mabingwa wake, kwa kupima damu za watu na za kima, walipata kukitambua kirusi cha West Nile mwaka 1937 na kirusi cha Zika mwaka 1947. Au, kwa wale ambao kumbukumbu zao ni za karibu, fikira hukimbilia mwaka 2020, malori yalipojipanga maili kwa maili katika njia za Malaba na Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, na madereva wakalala chini ya magari yao wakingoja majibu ya vipimo vya korona. Hivyo ndivyo virusi vya magazetini: huja kwa kishindo, huogofya, hufunga mipaka, kisha hupungua. Nia yangu jioni hii ni kuzungumza juu ya virusi vya namna nyingine, ambavyo siku zile za foleni vilikuwa tayari ndani ya dereva, na ndani ya muuguzi aliyempima, na ndani ya mama aliyewauzia mayai ya kuchemsha, na ndani ya ofisa wa forodha aliyegonga mihuri, wala hapana mtu aliyevisimamisha mpakani, kwa sababu vilikwisha kuingia tangu wote hao walipokuwa watoto wa mgongoni.

Kirusi peke yake si kitu hai kwa maana tuliyoizoea. Hakili, hakipumui, hakizai, mpaka kipate kuingia katika chembe hai ya mtu, au ya mnyama, au ya mmea, na kuitumia kwa kazi yake. Virusi vilivyo vingi, kama vile vya mafua na surua, huingia, huzaana, hupigwa vita na mwili, na baada ya wiki moja au mbili mmoja kati ya wawili huwa ameshindwa. Lakini vipo vingine ambavyo vita hivyo havimaliziki. Mtoto wa Tororo akiugua tetekuwanga, upele hukauka na mama hushukuru Mungu kwamba maradhi yamekwisha, ilhali kirusi chenyewe kimerudi nyuma kikajificha katika vifundo vya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo, kama moto wa kuni uliofukiwa jivuni usiku. Na miaka 40 au 50 baadaye, mwili ukidhoofika kwa uzee au kwa maradhi mengine, hutoka tena kwa malengelenge yenye maumivu makali, yakizunguka upande mmoja wa kiwiliwili, nayo ndiyo maradhi ambayo kwa Kiswahili huitwa mkanda wa jeshi, na upande wa Uganda wengi huyaita kisipi. Aghalabu mgonjwa hudhani amerogwa, au amepita mahali pabaya. La, ni tetekuwanga yake mwenyewe ya utotoni.

Na si kila kirusi kikaacho mwilini ni adui. Mwaka 1997 mabingwa wa Japani waligundua katika damu kirusi kimoja kidogo mno, ambacho jamaa zake wamekwisha kupatikana kwa watu walio wengi wa kila taifa, wazima kwa wagonjwa, na hadi leo hapajathibitika maradhi yatokanayo nacho. Fauka ya hayo, kadiri ya asilimia 8 ya urithi ulioandikwa katika kila chembe ya mwili wa binadamu ni mabaki ya virusi vilivyowaingia wahenga wetu zama za kale, kabla binadamu hajaitwa binadamu. Na mojawapo ya mabaki hayo ndiyo yaifanyayo kazi ya kuunganisha chembe za kondo la nyuma, ambalo pasipo hilo mimba haipati riziki. Mimi ni mtu wa kutoshangaa upesi, lakini jambo hili hunishangaza kila nilikumbukapo.

Sasa nije kwenye kirusi ambacho habari yake inahusu Busia na Tororo kuliko nyingine.

Mwaka 1957 alikuwako katika hospitali ya Mulago, mjini Kampala, mpasuaji mmoja Mwairishi, Denis Burkitt, mtu mcha Mungu, mwenye jicho moja tu lionalo, maana lile jingine alilipoteza kwa ajali alipokuwa mwanafunzi. Siku moja mwenzake, Dakta Hugh Trowell, alimwita kumtazama mtoto wa kiume aliyevimba taya zote, kulia na kushoto, juu na chini, jambo ambalo Burkitt hakupata kuliona kitabuni wala wodini. Baada ya wiki chache, akiwa katika ziara ya hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto wa kike ameketi na mama yake majanini, uso wake umevimba vilevile. Kitu kimoja kikitokea mara moja huitwa ajabu. Kikitokea mara mbili katika njia ile ile, mwenye akili huanza kuuliza. Burkitt alipekua daftari za hospitali, akakuta kwamba watoto waliovimba taya aghalabu walikuwa na uvimbe mwingine tumboni, katika figo na ini, na akafahamu kuwa hayo yote yaliyokuwa yakiandikwa kwa majina mbalimbali ni saratani moja tu. Aliitangaza mwaka 1958, na hadi leo inaitwa kwa jina lake.

Kisha alifanya jambo ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko ule ugunduzi wa kwanza. Badala ya kungoja wagonjwa wamjie Mulago, alituma vipeperushi vyenye picha katika hospitali za serikali na za misheni, akiuliza: mmepata kuuona ugonjwa huu? Majibu yalipokuja, mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakasafiri kutoka Kampala hata kusini mwa Afrika, mwendo wa kadiri ya maili 10,000, wakizuru hospitali zaidi ya 50, wakiuliza swali lile lile na kutia alama katika ramani. Ramani ilipokamilika ilisema neno bayana: ugonjwa huu haupandi kwenye nyanda za juu zenye baridi, wala haukai penye ukame, unataka mahali ambapo joto halishuki chini ya kadiri ya nyuzi 15 na nusu za Selsiasi, na mvua ya mwaka haipungui sentimita 50. Atokaye Tororo Mjini, penye lile jabali lionekanalo toka mbali, akashuka Nagongera, akazunguka hadi Busia na kuufuata mto Sio uelekeao ziwani, anatembea katikati kabisa ya sehemu iliyotiwa alama katika ramani hiyo.

Kwa kuwa sehemu hiyo ndiyo ya mbu, na kwa kuwa mabingwa wa Entebbe walikuwa wamezoea virusi viletwavyo na mbu, wengi walidhani kwamba yupo mbu achukuaye kirusi cha saratani hii. Dhana hiyo ilikuwa nusu kweli na nusu si kweli, na hiyo nusu ya kweli haikujulikana mara moja.

Tarehe 22 Machi 1961 Burkitt alizungumza katika hospitali ya Middlesex mjini London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo kijana mmoja mtaalamu wa virusi vya kuku, Anthony Epstein, ambaye kabla mazungumzo hayajakwisha alikuwa amekwisha kuazimia kuacha kazi aliyokuwa nayo. Tangu hapo vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uganda hadi London, na kwa muda wa miaka miwili na zaidi hapakuonekana kitu. Mwezi wa Desemba 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu wa London ikaenda kutua Manchester. Kipande kikachelewa, na kilipofika, yale maji yaliyokihifadhi yalikuwa yamechafuka hata ikadhaniwa kuwa yameoza. Epstein hakuyamwaga. Aliyatazama, akaona kuwa ule uchafu ni chembe za saratani zenyewe zilizojitenga na kuelea zikiwa hai, na kwa njia hiyo yeye na msaidizi wake, Yvonne Barr, wakapata kuzikuza chembe hizo katika chupa. Februari 1964, kwa hadubini ya elektroni, yeye pamoja na Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, wakaona ndani yake kirusi cha ukoo wa malengelenge ambacho hapana aliyekuwa amekiona. Kinaitwa kirusi cha Epstein na Barr. Achong, kama iwavyo kwa wengi, hakupata nafasi katika jina.

Furaha ya kwanza ilikuwa kubwa, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza kirusi kupatikana katika saratani ya binadamu, kisha yakaja maswali mengi. Damu za watu zilipopimwa, kwanza za Waafrika, halafu za Wamarekani, halafu za Wazungu, alama za kirusi kile zilionekana karibu kila mahali. Zaidi ya watu wazima 90 katika kila 100 duniani wanacho. Basi, ikiwa kila mtu anacho, mbona saratani inawapata watoto wachache tu katika kila laki moja, na mbona inawapata hapa na si Oslo?

Kirusi hiki hukaa katika aina moja ya chembe nyeupe za damu, zile zitengenezazo kingamwili, na hutoka mara kwa mara kwa njia ya mate. Ulaya na Marekani watoto wengi hukikosa hadi wawe vijana, na kinapowapata katika umri huo baadhi yao huugua homa ndefu ya koo na kuvimba tezi za shingo, maradhi ambayo kwetu ni nadra. Kwetu kirusi huja mapema: utafiti uliofanywa Kisumu na Nandi umeonyesha kuwa wako watoto wengi wanaokipata kabla ya kutimiza miezi sita, na wa Kisumu hutangulia wa Nandi. Mama humtafunia mwanawe chakula, dada hulamba kijiko kabla ya kumlisha mdogo wake, kikombe kimoja huzunguka nyumba nzima, na hapo hapana lawama, maana ni upendo. Nimepata kusikia watu wakionya kuwa wazee wanaoketi kuuzunguka mtungi wa pombe ya malwa huko Tororo, kila mmoja na mrija wake mrefu, wataambukizana virusi vya mate. Kwa kirusi hiki, onyo limechelewa miaka 50. Wazee wale walikwisha kuambukizwa kabla hawajaota meno.

Jibu la swali la Oslo lilianza kuonekana mwaka 1964, pale Gilbert Dalldorf na wenzake, waliofanya kazi Kenya, walipotoa hoja kwamba ramani ya Burkitt ni ramani ya malaria. Mbu alikuwamo kweli, ila hakuwa akibeba kirusi cha saratani. Alikuwa akibeba malaria, na mate ya jamaa yakibeba kirusi, na hivi viwili vikikutana ndani ya mtoto mmoja. Vimelea vya malaria hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Huzichochea zile chembe nyeupe ambamo kirusi kimejificha, zikazaana kwa haraka kupita kadiri. Na huvilegeza vikosi vya kinga ambavyo kazi yake ni kuzisaka na kuziua chembe zilizoingiwa na kirusi. Katika wingi huo wa kuzaana, na katika kuregarega huko kwa ulinzi, siku moja hutokea kosa: kipande cha kromosomu ya 8 hukatika kikashikamana na ya 14, na ile jeni iamrishayo chembe kuzaana ikawekwa mahali ambapo haizimwi tena. Chembe moja iliyokosewa hivyo yatosha.

Na malaria ya Tororo si ya mchezo. Hesabu iliyofanywa na wataalamu mwanzoni mwa karne hii ilikuta kwamba mtu mmoja huko aliumwa kwa mwaka mara 562 na mbu wenye vimelea, yaani zaidi ya mara moja kila usiku wa Mungu. Nagongera imekuwa kwa miaka mingi mahali pa kupimia malaria ya Uganda, na tangu mwishoni mwa mwaka 2014 nyumba za wilaya ya Tororo zikapuliziwa dawa kutani, pamoja na kugawiwa vyandarua, na maradhi yakashuka hata wauguzi wakaona vitanda vitupu. Busia ya upande wa Uganda, iliyo jirani ukuta kwa ukuta, haikupuliziwa. Hivyo ikawa kwamba watoto wa wilaya mbili zinazogusana, wenye kirusi kile kile, walilala katika hali mbili mbalimbali za malaria kwa sababu ya mstari uliochorwa ofisini. Kisha, dawa ya kupulizia ilipobadilishwa kwa namna nyingine karibu na mwaka 2020, malaria ikafufuka Tororo kwa nguvu nyingi. Ng'ambo ya pili, kaunti ya Busia ya Kenya ilikuwa miongoni mwa kaunti nane za magharibi zilizotangulia kupewa chanjo ya malaria kwa watoto katika majaribio yaliyoanza mwaka 2019, na Uganda ikaanza yake mwaka 2025. Chanjo ya kirusi cha Epstein na Barr chenyewe haijapatikana bado kwa matumizi ya watu, ingawa inatafutwa kwa bidii, hasa baada ya utafiti wa mwaka 2022 juu ya askari wa Marekani kuonyesha kuwa kirusi hiki kina mkono pia katika maradhi ya mishipa ya fahamu yawasumbuayo watu wa nchi za baridi. Ndiyo kusema kwamba kwa leo, chandarua cha mtoto wa Kisamia wa Busia na dawa ya ukutani ya Mpadhola wa Tororo ndizo silaha tulizo nazo dhidi ya kirusi ambacho wala havikigusi.

Kisa cha pili kinafanana na hiki, nacho ni cha ukimwi. Kirusi cha ukimwi nacho hufanya makazi. Hujiandika ndani ya urithi wa chembe za kinga, na dawa zilizopo, kwa uhodari wake wote, hukinyamazisha tu bila kukiondoa. Kabla dawa hizo hazijafika vijijini, utafiti uliofanywa Tororo na kutangazwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa wagonjwa waliokunywa kidonge cha Septrini kila siku, dawa rahisi iliyojulikana zamani, walipunguza vifo vyao kwa asilimia 46 na malaria kwa asilimia 72. Kidonge hicho hakikishambulii kirusi cha ukimwi chenyewe. Kiliwaondoa tu maswahiba wake. Mwaka 2003 ukaanza mradi uliopeleka dawa zenyewe za ukimwi nyumbani kwa wagonjwa wa wilaya za Tororo na Busia, kwa kuwa waliotunga mradi walitambua kwamba mtu dhaifu asiye na nauli hafiki hospitalini kila mwezi: watumishi waliofundishwa, ambao si matabibu, walipanda pikipiki wakaenda kila wiki katika kila nyumba, wakapeleka vidonge, wakauliza hali, wakapima jamaa waliotaka. Ilikadiriwa kuwa hatari ya wagonjwa hao kuwaambukiza wenza wao ilishuka kwa asilimia 98. Wakati huo walikuwako watu wenye vyeo katika nchi tajiri waliosema kwamba Mwafrika wa shamba hawezi kunywa vidonge kwa saa. Wakulima wa mtama na muhogo wa Busia waliwajibu bila kusema neno.

Walioishi kabla ya dawa hizo wanakumbuka pia madoa ya zambarau ya saratani ya Kaposi. Kirusi chake, kilichogunduliwa New York mwaka 1994 na Yuan Chang na mumewe Patrick Moore, kilikuwa kimefanya makazi Uganda tangu kabla ya ukimwi kujulikana, kikipitia mate, na saratani yake ikiwapata hasa wanaume, aghalabu miguuni. Ukimwi ulipouvunja ulinzi wa mwili, ikawapata watu wengi zaidi, vijana na kina mama na watoto, na mara nyingi mgonjwa akianza dawa za ukimwi madoa hayo hupungua.

Juu ya homa ya ini ya aina ya B nitasema kidogo, kwa kuwa hiyo chanjo yake ipo na imo katika sindano za watoto wa Kenya na Uganda tangu mwanzoni mwa karne hii. Jambo la kukumbuka ni umri: mtoto akikipata kirusi chake siku ya kuzaliwa, mara 9 katika 10 hukaa naye maisha, kikiliharibu ini polepole hata kovu au saratani, lakini kwa watu wazima wakipatao, hawafiki 5 katika 100 wanaobaki nacho.

Nirudi, kabla muda haujanitoka, kwa mtoto aliyevimba taya. Meno hulegea kwanza, na kwa sababu hiyo mzazi humpeleka kwa mng'oa meno, jino likang'olewa na uvimbe ukabaki, kisha hutafutwa dawa za miti, na wiki zikapita. Saratani hii ni katika zile zikuazo kwa kasi kuliko zote zijulikanazo. Yaweza kuongezeka maradufu katika siku moja au mbili. Lakini kasi hiyo hiyo huifanya iwe dhaifu mbele ya dawa. Burkitt mwenyewe aliona katika miaka ya 1960 watoto waliopewa dozi chache za siklofosfamidi uvimbe ukayeyuka, na baadhi yao wakapona kabisa, na kutokana na kazi hiyo ikaanzishwa Mulago, mwaka 1967, taasisi ya saratani ya Uganda. Matibabu hayo sasa hupatikana Mulago, na Kisumu katika hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, na Eldoret katika hospitali ya Moi. Kutoka Busia kwenda Kampala ni karibu kilomita 200. Kwenda Kisumu ni zaidi kidogo ya nusu ya hizo, na mama wa upande wa Uganda aifuataye njia hiyo hupita katika kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa rasmi mwaka 2018, ambapo hati zake hukaguliwa na maofisa wa serikali zote mbili chini ya dari moja.